Ugali Ulioliwa Upande Mmoja

Kitalu changu cha miche kiko kando ya Barabara ya Ngong, hapa Karen, mahali ambapo matatu za 111 hupunguza mwendo zikinusa abiria. Asubuhi, kabla vumbi halijapanda, Vilima vya Ngong huonekana upande wa magharibi kama vifundo vya ngumi iliyolazwa chini. Wapo wanaosimulia kwamba zamani jitu lilijikwaa, likaanguka na kuegemea mkono, na alama ya vidole ikabaki. Kwa miaka 18 nimewapandia watu waridi na maua mengine yasiyozidi kiuno upande huo wa bustani zao, ili yasiwazibie vilima. Madalali wa viwanja nao huvitaja kabla hata ya kutaja kama kuna maji ya kisima.

Kutoka kitaluni utahesabu vilele vinne. Wanaovitembea huhesabu saba. Kwa macho ni vinne, kwa miguu ni saba, na mimi niliishi na vile vinne nikidhani navijua.

Kijana ninayemsimulia ni mtoto wa mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja ambaye ua wake wa kayaba ninaukata tangu mwanawe akiwa shule ya msingi. Kijana alikwenda kusoma Wales. Akarudi na shahada, viatu vya kupandia milima, jaketi lisilopitisha maji, na mazoea ya kutamka neno "kilima" kama mtu anayetaja kitu cha kuchezea watoto. Huko alikuwa amepanda Snowdon, ambao wenyeji huuita Yr Wyddfa, mlima mrefu kuliko yote ya Wales. Una mita 1,085.

"Mzee," aliniambia siku moja akiwa ameegemea lori la samadi, "hapa tuliposimama tumeshaupita. Karen iko juu kuliko kilele cha Wales nzima. Ngong itakuwa kama kupanda ngazi za nyumbani."

Hakusema uongo. Karen iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mji wa Ngong uko juu zaidi kidogo, na kilele kirefu cha vilima kinafika mita 2,460. Ukitoa hesabu, kinachobaki kupandwa ni mita mia kadhaa tu. Hesabu ya kupanda aliipiga vizuri. Ya kushuka hakuipiga, wala mimi sikumkumbusha.

Tulikuwa wanne: yeye, binamu yake wa kike aliyekuwa likizoni, kijana anayenisaidia kitaluni, na mimi. Niliitwa kwa sababu mama yake alisema hatapata usingizi wasipokwenda na mtu mzima. Nilikuwa na miaka 52 na vilima nilivyovitazama kila siku sikuwa nimewahi kuvikanyaga. Ningesema hivyo. Badala yake nilivaa kofia nikajibu, "Mama, usiwe na wasiwasi, hawa wako nami."

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti. Tulipanga kuondoka saa mbili asubuhi, lakini lori la udongo mwekundu lilichelewa, na mteja aliyekuwa akiusubiri si mtu wa kuambiwa arudi kesho. Tukaondoka saa sita na kitu. Tulipofika kwenye lango la msitu, juu ya mji wa Ngong, saa saba ilikuwa imepita. Askari wa misitu alitutazama miguu, akatazama saa yake, akasema kwa saa hiyo twende hadi kwenye mitambo ya upepo, mbele kidogo, kisha turudi. Kama tumeazimia kuvuka mpaka upande wa Kona Baridi, basi tumchukue msindikizaji.

"Wales mtu huenda peke yake na ramani," kijana akasema, akalipa kiingilio tu. Ada ya msindikizaji haikuzidi bei ya miche michache ya parachichi. Mimi, niliyekuja kwa cheo cha mtu mzima, nilinyamaza. Nilikuwa nafikiria pesa, ingawa hazikuwa zangu.

Mitambo yenyewe ingetosha kutuonya. Miwili ya kwanza ililetwa mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, na leo iko mingi, yenye uwezo wa megawati 25.5. Hakuna anayesimamisha pangaboi za ukubwa ule mahali penye upepo wa kubembeleza. Hewa inayotoka Bahari ya Hindi huvuka nyanda za Athi na Nairobi bila kizuizi kikubwa, kisha hukutana na ukingo huu na kulazimika kuupanda. Ikipanda hupoa, ikipoa hufanya mawingu. Watu wa Karen tunaijua baridi ya Agosti, lakini tunaijua tukiwa na jiko karibu.

Njia inafuata mgongo wa vilima. Unapanda, unafika, unashangilia, kisha unaona kwamba mbele kuna bonde na ng'ambo ya bonde kuna kilima kingine ambacho kutoka Karen hukijui kwa sababu kimejificha nyuma ya mwenzake. Kilima cha tatu kilitumaliza utani. Kwenye cha nne binamu alivua viatu akakaa. Tulipofika cha tano ilikuwa inakaribia saa kumi na moja, na wingu zito likapanda kutoka upande wa Nairobi, likameza njia tuliyokuja nayo kama maziwa yanayofurika sufuria.

Upande wa magharibi, lakini, palikuwa peupe. Jua lilikuwa bado juu ya Bonde la Ufa, nyasi zina rangi ya dhahabu, na chini kabisa tukaona mabati ya nyumba yakimetameta na barabara ya vumbi imenyooka kando yake. Ungedhani ukitupa jiwe litagonga paa. Kijana akafungua ramani kwenye simu, akapima kwa kidole. Kilomita mbili na kitu.

"Tukirudi tutatembea saa tatu ndani ya ukungu," alisema. "Tukishuka huku, nusu saa tuko barabarani, tunaita gari."

Hapa nisimamishe miguu kidogo, nieleze jambo nililoelezwa baadaye, maana lingeelezwa mapema nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Nina mteja mwingine, mwalimu mstaafu wa jiografia, anayenunua mche mmoja kwa wiki na kukaa saa mbili. Nilipomsimulia yaliyotupata, aliuliza kama nimekula. Chakula changu cha mchana kilikuwa mezani, nusu kimeliwa. Akaigeuza sahani polepole. Upande mmoja ugali ulikuwa wa mviringo, laini, kama ulivyotoka kwenye sufuria. Upande nilikokuwa nikimega ulikuwa ukuta.

"Hii ndiyo Ngong," akasema. "Nyinyi wa Karen mmekaa upande usioliwa."

Yapata miaka milioni 5 au 6 iliyopita, alieleza, hapo palikuwa na volkano moja kubwa. Ilimwaga lava na majivu tabaka juu ya tabaka mpaka ikawa mlima kamili, wenye mteremko pande zote. Kisha ardhi ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikivutwa mashariki na magharibi, ikapasuka, na nusu ya mlima iliyokuwa upande wa magharibi ikazama na Bonde la Ufa. Tunachokiita vilima saba ni ukingo wa mlima mmoja uliovunjika, na mabonde kati yake yamechimbwa na mvua baadaye. Mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory alipita nchi hii mwaka 1893 na kueleza kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto wala barafu: ardhi ilizama katikati ya nyufa, kuta zikabaki zimesimama. Mwaka 1896 akakitoa kitabu chake, na neno Bonde la Ufa tumelirithi kutokana na jina alilolitumia.

Ukuta wa namna hii haushuki kwa mkupuo mmoja. Hushuka kwa ngazi: pamepasuka hapa pakazama kidogo, pamepasuka tena mbele pakazama zaidi. Na ngazi ina hila yake. Mtu aliye juu huona kila bapa la kukanyagia, lakini kimo kilicho kati ya bapa na bapa hakioni, kwa sababu kimefichwa na ukingo. Sisi tuliona mabapa yamefuatana, yenye nyasi, tukayaunga kwa macho yakawa mteremko mmoja. Ramani ya kijana nayo ilipima umbali kama mtu anayepima kitambaa kilichonyooshwa mezani.

"Na Wales?" nilimuuliza mwalimu.

Akasema mawe ya Snowdon nayo yalitoka kwenye volkano, ila ni ya miaka milioni 450 hivi. Baadaye sana barafu ikayasugua na kuyachonga. Si kwamba hakuna majabali huko. Yapo, na watu hufa. Lakini kijana alipita njia zilizojengwa kwa mawe, zenye alama, zinazokanyagwa na maelfu, na chini yake kuna treni inayopanda hadi karibu na kilele. Alijifunza njia akadhani amejifunza mlima.

Basi tukashuka.

Bapa la kwanza lilikuwa rahisi kiasi kwamba tuliimba. Kufika la pili tulishuka kwa makalio, tukishika mashina ya vichaka. Hapo ndipo nilipotambua mawe. Mimi ni mtu wa udongo, na nilipaswa kutambua mapema: tabaka gumu la lava likilala juu ya tabaka laini la majivu, mvua hula laini, na gumu hubaki vipande vipande vimelala kwenye nyasi bila mzizi. Ukikanyaga, havikungoji. Nikapiga kelele tuache nafasi kati yetu, anayekuwa juu asimwangushie aliye chini. Ndilo neno pekee la maana nililolisema siku nzima.

Jambo la pili nililotambua ni kiu. Upande wa Karen vijito viko, nyasi mbichi, mashamba. Mawingu yanapopandishwa na ukingo huacha maji yao huku kwetu, na hewa inayoshuka ng'ambo huwa kavu. Jina Ngong lenyewe, wanavyosema wengi, limetokana na Kimaasai, chemchemi ya kifaru, na chemchemi hiyo iko upande wa mjini Ngong. Sisi tulikuwa tumeupa mgongo upande wenye chemchemi na mkononi tuna chupa za nusu lita, mbili kati ya hizo tupu.

Na jua likatudanganya. Karen kwa saa hiyo huwa tayari imeingia kivulini mwa vilima, na vijana wangu kitaluni hufunga hema za miche. Sisi, kwa kuwa tuko mbele ya kivuli, tuliendelea kumulikwa usoni, tukaamini tuna saa moja zaidi. Jua lilipogusa kuta za mbali za ng'ambo ya bonde lilizama kama shilingi kisimani. Huku ikweta giza halibishi hodi.

Kwenye kushuka kuelekea bapa la tatu kijana alikanyaga jiwe. Hakuanguka mbali, labda kimo cha mtu na nusu. Nilisikia mlio kama wa tawi kavu la mkaratusi, halafu kimya, halafu jina la mama yake.

Usiku ule sitaueleza wote. Kifundo cha mguu kilivimba mpaka tukamkata kamba za kile kiatu cha bei kubwa. Tulijikunja wanne chini ya jaketi moja la Wales na gunia ambalo msaidizi wangu hubeba popote aendapo, Mungu ambariki. Mabati yaliyometameta mchana yalikuwa sasa taa moja ndogo, mbali kuliko ilivyowezekana. Simu yangu ilipata mtandao kwa sekunde chache na kuupoteza; ya kijana iliishiwa na moto ikiwa bado inaonyesha kilomita moja na nusu. Kuna wakati tulisikia sauti ambayo tuliamua kwa pamoja kwamba ni mbwa. Binamu ndiye aliyetuokoa na ubishi wa kuendelea kushuka gizani. Alikaa chini akasema yeye haondoki, anayetaka kuvunjika na aende. Sikuwahi kumshukuru ipasavyo.

Alfajiri tulisikia kengele za mbuzi. Watoto wawili wachungaji walitutazama kwa muda mrefu, kisha mmoja akakimbia akarudi na mama mtu mzima, shuka jekundu, kibuyu mkononi. Alimnywesha mgonjwa kwanza. Kisha akauliza kwa Kimaasai tumepitia wapi, mtoto akatutafsiria. Nikanyoosha kidole juu. Kwa mwanga wa asubuhi niliuona ukuta tulioushuka na miguu ikaniisha nguvu nikiwa nimesimama.

"Anasema hapo hakuna njia," mtoto alitafsiri. "Anasema hapo ndipo palipovunjika."

Wiki mbili baadaye mwalimu alipogeuza sahani ya ugali nilikumbuka neno lile. Aliyesema palipovunjika alikuwa hajasoma kitabu cha Gregory.

Walimfunga mguu kwa vijiti na kanga ya binamu, wakampandisha punda. Punda hakwenda moja kwa moja kuelekea mabati. Alikata ubavu, akapanda kidogo, akazunguka, akashuka, akazunguka tena, na ilituchukua zaidi ya saa mbili kufika barabarani. Nilihesabu mazunguko mpaka nikachoka. Kijana, juu ya punda, hakuitaja Wales.

Mwalimu, baada ya ugali, aliomba kitabu changu cha risiti akaandika nyuma yake kanuni ya mpanda milima wa Scotland aitwaye William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. "Hiyo ni kwa mtu mwenye nguvu asiyepiga picha," akaongeza. Akapiga hesabu ya vilima saba, kupanda na kushuka na kupanda, akaiweka juu ya saa tuliyopita langoni. Haikuhitaji akili ya darasa la nane. Kutoka langoni hadi mwisho tungefika jioni; kwenda na kurudi hatukuwa na siku ya kutosha tangu tulipokuwa bado Karen, tukisubiri lori. Askari aliyetazama saa yake alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo kichwani.

Kisha mzee yule, ambaye kwa kawaida hupenda mzaha, alinyamaza kidogo akataja Hell's Gate, kule Naivasha. Aprili 2012 vijana saba wa kanisa moja la Nairobi walikufa kwenye korongo lake. Septemba 2019 wakafa watu wengine saba, korongo lilelile. Korongo la namna hiyo hujazwa na mvua inayoweza kuwa imenyesha mbali, juu, mahali ambapo aliye ndani ya mwamba hapaoni. Mtu yuko chini ya kipande cha mbingu ya bluu, na maji yako njiani. "Kila sehemu ya Bonde la Ufa ina upande wake usiouona," alisema, akanunua mche wake mmoja wa limau akaondoka.

Huwa namfikiria pia yule mama wa Kidenishi, Karen Blixen, aliyekuja mwaka 1914 akalima kahawa hapahapa chini ya vilima. Aliviandika kwa mapenzi ambayo yamewaleta watalii mpaka leo, na rafiki yake Denys Finch Hatton, aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi mwaka 1931, amezikwa kwenye mteremko wa mashariki. Lakini kahawa ilimshinda. Ardhi ilikuwa juu mno kwa zao hilo, na mwaka huohuo wa 1931 shamba likauzwa, likakatwakatwa viwanja. Bila kushindwa kule huenda nisingekuwa na wateja. Sisemi vilima vilimdanganya. Nasema tu kwamba alikuwa na baraza yenye mandhari nzuri kuliko zote, na kahawa haioti kwenye mandhari.

Mguu wa kijana ulipona ukiwa umepinda kidogo. Kukiwa na baridi anachechemea. Mama yake hakunilaumu kwa maneno. Alinipigia simu mwezi uliofuata, akaniita niende na kamba ya kupimia. Alitaka safu ya saipresi upande wa magharibi wa bustani, karibu karibu, zikue haraka. Nilimwambia, mama, zitaziba vilima, na nyumba itapungua thamani. Akasema anajua zitaziba.

Nilizipanda 22. Ni mwaka wa tatu sasa, na kifundo cha kwanza cha ile ngumi hakionekani tena kutoka barazani. Kila nikienda kukata kayaba namkuta kijana amehamisha kiti chake hatua chache kuelekea kusini, pale ambapo miti bado ni mifupi.